Asili Yake Ni Ua

Doa la damu lilikuwa limechanua kwenye mfuko wa shati jeupe la shule, palepale mtoto anapochomeka kalamu, na mama mkubwa alikuwa bado anakanyaga cherehani. Sindano ilikuwa imempitia kidole, ikatoka upande wa pili, ikaendelea na kazi yake. Yeye naye aliendelea na yake. Alikuwa anaimba kwa pua, wimbo usio na maneno, na kitambaa kiliteleza mbele yake kama siku zote, ila kila alipokigusa kilibaki na alama nyekundu, kama kuku aliyekanyaga rangi kisha akapita juu ya shuka.

"Mama mkubwa," nikasema, "hiyo sare ya shule gani? Naona safari hii wameongeza nakshi."

Akatazama shati kwanza, akakunja uso kama mtu aliyeuziwa kitambaa kibovu. Halafu akatazama kidole. Mimi nilikuwa nautazama uso wake, na ndiyo maana sijasahau mpaka leo: hakushtuka kwa kuumia. Alishtuka kwa kuona.

"Sindano imenionja tu," akasema, akakitia kidole mdomoni. "Lete maji baridi na sabuni kabla halijakauka. Na hiyo redio izime."

Redio ni mimi. Jina alinipa yeye nilipohamia kwake, meno yangu ya utoto yakiwa bado yananing'inia, kwa sababu alisema nilikuja bila kitufe cha kuzimia. Mama yangu, mdogo wake, alikuwa anafanya kazi mbali, anakuja na kuondoka kama umeme. Aliyenilea, akanisukuma hadi kidato cha nne, akanifundisha kutia zipu isipinde, ni huyu. Wateja wakiniulizia, jibu lake lilikuwa moja: "Huyu ni binti wa mdogo wangu. Zipu zote za mtaa huu anazitia yeye, isipokuwa ya mdomo wake."

Duka letu lilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara, vyerehani viwili, meza ya kukatia iliyolika kingo kwa mkasi, na pasi ambayo ilikuwa na hasira zake. Nyumba ilikuwa nyuma ya duka, na ua mdogo wenye bomba nyuma ya nyumba. Katika chumba kile mama mkubwa hakuhitaji macho. Pini ikianguka sakafuni alipitisha kiganja mara moja tu, akainuka nayo. Alikunja pindo huku akigombana na mtu nje ya dirisha, na ugomvi ukiisha pindo lilikuwa limenyooka kuliko hoja za wote wawili. Mikono yake ilikuwa na akili zake yenyewe. Nilikuwa namwambia siku ikijitegemea itafungua duka la jirani itunyang'anye wateja.

Ugonjwa wenyewe ulijitambulisha kwa adabu, kwenye kola. Blauzi yake, aliyoikata mwenyewe, ilianza kumbana shingoni. Akafumua, akatanua. Baada ya muda ikabana tena. Akafumua tena. Alipokuwa anatafuta kipande cha kuongezea, nikamwambia, "Mama mkubwa, huo uvimbe wa shingoni ukiendelea kuushonea nafasi, utatuletea na ndugu zake." Alicheka. Kesho yake alivaa ile blauzi yenye kola pana, akafunga duka, tukaenda hospitali.

Saratani ya tezi za limfu. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini na miwani iliyoteremka puani kila alipoinama kuandika. Hakutuzungusha. Alisema mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila seli inajua wakati wa kuzaa nyingine na wakati wa kuacha. Hizi za shingoni zimesahau kuacha.

"Zinazaana tu, hazijali nani atazilisha," mama mkubwa akasema.

"Ndiyo."

"Hata mimi nina ndugu wa namna hiyo."

Daktari alicheka mpaka miwani ikaanguka juu ya faili. Nikajua tutaelewana.

Basi zikaanza dripu. Chumba cha dripu kilikuwa na viti virefu vya kuegemea, vimepangwa kando ya dirisha, na chini ya dirisha, nje, paliota maua madogo ya rangi ya waridi yenye petali tano na jicho lililokoza katikati. Hata uani kwetu yalikuwepo, kando ya bomba. Yanaota popote, hakuna anayeyapanda wala kuyanunua. Sisi tuliyaita maua ya bure.

Nesi wa pale alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa wa kuzungumza. Alimwona mama mkubwa anaikodolea macho ile dawa nyekundu inayoshuka kwenye mpira, akadhani anaogopa. Kweli alikuwa anaogopa. Akavuta kigoda.

"Usiione hivi, mama. Hii nyekundu asili yake ni vijidudu vya kwenye udongo. Na ile nitakayokuchoma baadaye, isiyo na rangi, asili yake ni ua. Tena si ua la mbali. Hilo hapo." Akanyoosha kidole dirishani.

"Lile?"

"Lilelile."

"Kumbe mnanitia bustani nzima," mama mkubwa akasema, na watu wa viti vya jirani wakacheka, hata yule mzee ambaye hakuwahi kufumbua macho.

Nesi alisema *asili yake*. Mama mkubwa akasikia *ya asili*. Kati ya maneno hayo mna silabi mbili tatu tu, na ndani ya hizo silabi imo hospitali nzima.

Wakati huo sikulijua hilo. Nilichokuwa nakijua ni kwamba ule uvimbe ulikuwa unanywea. Kola zilianza kupwaya, na mimi ndiye niliyezipunguza. Nywele zake zilikwenda, akasema heri, kitana kipumzike. Tukawa tunacheka. Lakini kulikuwa na mambo mengine, madogo, ambayo yalipita mbele yangu moja moja kama watu wasiojuana. Vifungo vilimponyoka, akalaumu vifungo. Aliniomba nimtungie uzi kwenye sindano, akalaumu macho. Siku moja alitoka dukani akaingia nyumbani, akakaa, akaomba chai, na mguu mmoja ulikuwa na ndala na mwingine haukuwa nayo. Ndala ya pili ilikuwa imebaki katikati ya ua, imetazama juu.

"Hiyo nayo imekuacha?" nikamtania.

"Ilichoka kunifuata," akasema. Lakini aliutazama ule mguu kwa muda mrefu.

Daktari aliuliza, tena si mara moja. Kila tulipokwenda aliuliza: "Vidole vinauma? Vinachoma?" Na mama mkubwa alijibu akiwa amenyoosha mgongo: "Haviumi hata kidogo." Lilikuwa jibu la kweli tupu. Fundi ukimwuliza urefu, hakutajii upana.

Kisha ikaja siku ya lile shati. Doa lilitoka, kwa sabuni na kusugua, lakini jioni yake mama mkubwa alifunika cherehani mapema, akaweka viganja vyake mapajani kama vitu vya mtu mwingine alivyopewa kuvishika.

"Dripu ijayo siendi," akasema.

Nikadhani anatania. Katika nyumba yetu hiyo ndiyo iliyokuwa dhana ya kwanza kwa kila kitu.

Siku iliyofuata nilitumwa kununua uzi mweupe. Niliporudi, mchana jua likiwa kichwani, duka lilikuwa limefungwa na nyuma kulikuwa na harufu ya majani mabichi yanayochemka, harufu chungu, ya kijani. Kando ya bomba yale maua yalikuwa yamenyofolewa yote, yamebaki mashina. Mama mkubwa alikuwa amesimama jikoni juu ya sufuria, mwiko mkononi.

"Unapika nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya maswali."

Akaepua. Akamimina katika kikombe kikubwa cha bati, maji ya rangi ya chai iliyokataa kuiva, petali mbili zikielea juu. Nikaelewa vyote kwa pamoja.

"Mama mkubwa. Haya si maua ya bure?"

"Nesi mwenyewe amesema. Wewe ulikuwepo. Dawa yenyewe ni ya asili. Sasa ile ya kwao imeshapita viwandani, wameichanganya na mambo yao, ndiyo inayonimaliza. Hii ni yenyewe, haijaguswa na mtu. Kitu cha asili hakina madhara, kila mtu anajua."

"Nyoka ni wa asili," nikasema. "Upupu ni wa asili. Hata mimi ni wa asili, na wewe unasema nimekupa madhara tangu nizaliwe."

Mdomo wake ulitikisika kidogo. Mara zote nyingine kicheko kilifungua mlango, tukapita wote wawili. Siku ile kilichungulia tu, kikarudi ndani.

"Inakumaliza wapi?" nikauliza.

Akasuuza mwiko.

"Uvimbe unakwisha. Kola nimepunguza mimi mwenyewe. Inakumaliza wapi, mama mkubwa?"

"Nimesema siendi."

Sijui nilichofikiri, kama nilifikiri. Nilichukua kikombe, nikakizungushia kanga iliyokuwa kiunoni mwangu maana kilikuwa moto. "Sawa," nikasema. "Tuanze na mimi."

"Wewe unaumwa nini?"

"Siumwi kitu. Lakini si haina madhara? Mzima akinywa atazidi uzima. Huenda hata nikanyamaza, ukapumzika."

"Weka chini hicho kikombe."

"Haina madhara."

"Nimekwambia weka chini!"

Nikakipeleka mdomoni. Mvuke ulinipiga puani, na nakumbuka niliona petali moja imegeuka nyeupe, imetolewa rangi yote. Watu wameniuliza tangu siku ile kama ningekunywa. Ningekunywa. Mimi utani wangu huwa naulipia.

Alikipiga. Kiganja chake kilikuja kwa nguvu kutoka upande, kikombe kikaruka kikagonga ukuta, na maji yote yale, yaliyokuwa hayajapoa hata chembe, yakammwagikia mkononi, kuanzia kifundo hadi kwenye kucha. Mimi nikapiga kelele. Yeye hapana.

Alisimama tu, anahema, macho yakiwaka kwangu, na vidole vyake vilikuwa vinatoa mvuke.

"Umekunywa? Umekunywa wewe? Sema!"

"Sijanywa. Mama mkubwa, mkono."

"Mkono gani?" akasema.

Nimesikia maneno mengi maishani, na mengi nimeyasema mimi. Hayo mawili ndiyo mazito kuliko yote. Aliinamisha kichwa akautazama mkono wake ukigeuka kuwa mwekundu, kama mtu anayetazama nguo imeungua kwenye pasi, na akanitazama mimi, na akajua kwamba sasa najua.

Nikamvuta hadi uani, nikafungua bomba. Maji yakashuka juu ya mkono kwa muda mrefu. Tulikaa chini kwenye saruji, kati ya yale mashina, na hapo ndipo aliponiambia. Ilianzia kwenye vidole vya miguu, ikapanda. Halafu ncha za vidole vya mikono, kama amevaa glavu ambayo haivuliki. Alikuwa anashona kwa macho na kwa mazoea. Pini akiishika hajui kama ni pini au ni hewa.

"Si ungemwambia daktari."

"Hakuniuliza hivyo." Akageuza kiganja chini ya maji. "Na kama angesema ndiyo bei yake? Redio, mimi sikusoma. Kila nilichonacho nimekishika kwa vidole hivi. Wewe mwenyewe nimekushika kwa hivi. Nikipona, nikarudi pale kwenye cherehani sina vidole, nitakuwa nimepona nini?"

Sikuwa na mzaha. Niliutafuta, nakiri, kama mtu anavyopapasa mfukoni mahali ambapo daima huwa na kitu. Nikamwambia ukweli tu: "Nitakuwa na wewe. Hicho ndicho."

Bomba likaendelea kumwaga.

Kesho yake asubuhi nilimkalisha mbele ya daktari, mkono umefungwa bandeji, na nikaeleza kila kitu: maua, sufuria, kikombe, ndala. Nilitegemea tutafokewa. Daktari alivua miwani akaiweka mezani.

"Nilikuuliza kama vinauma," akasema.

"Na mimi nikakujibu. Haviumi."

"Ni kweli. Nilipaswa kukuuliza kama vinasikia." Akasugua macho. "Hilo ni langu, mama."

Kisha akatuambia habari ya lile ua. Alisema nesi hakudanganya. Lakini ndani ya ua moja mna vitu vingi mno, na hicho kimoja wanachokitumia kimo kwa uchache sana. Majani ya shamba zima hukaushwa na kuchujwa ili kupata kinachotosha kwenye kiganja. Ukichemsha mwenyewe unakunywa vingine vyote, na hicho kimoja hujui umepata tone, hujapata, au umepata kupita kiasi. "Na hicho kimoja ni sumu," akasema. "Kikiwa uani ni sumu, kikiwa kwenye dripu ni sumu. Mimi kazi yangu ni kipimo tu."

"Kumbe sumu," mama mkubwa akasema.

"Ndiyo."

"Bora umesema. Miezi yote hii mnaniita shujaa, kumbe mnanipa sumu." Lakini alikuwa ameegemea mbele. "Na inafanyaje kazi? Nieleze kama unavyomweleza fundi, usinieleze kama mgonjwa."

Daktari akafikiri. Akachukua karatasi akachora duara. Seli ikitaka kugawanyika, alisema, kwanza inatandika nyuzi ndani yake, kutoka ncha hii hadi ncha hii, na nyuzi hizo ndizo zinazovuta kila kitu kigawanyike sawa, nusu huku na nusu kule. Hii dawa inazishika zile nyuzi zisitandikwe. Seli inabaki katikati, haiwezi kugawanyika, haiwezi kurudi ilikotoka. Ikikwama hivyo, inajifia yenyewe.

"Na vidole vyangu?"

"Mishipa ya fahamu nayo ina nyuzi za jamii hiyohiyo. Zinabeba mizigo, kutoka uti wa mgongo hadi huku." Akagusa ncha ya kidole chake mwenyewe. "Mshipa ukiwa mrefu ndivyo unavyoumia mapema. Ndiyo maana ilianza miguuni. Dawa haijui huu uzi ni wa ugonjwa na huu ni wako."

Mama mkubwa aliutazama ule mchoro. Nilimwona anaupima.

"Vitarudi?"

"Vingi hurudi. Polepole, baada ya dawa kwisha. Vingine hurudi nusu. Siwezi kukuahidi."

"Na ukiitoa hiyo ya ua, ukabakiza nyingine?"

"Naweza. Zile nyingine zinafanya kazi pia. Lakini hizi zimepangwa zisaidiane, na nikitoa moja nafasi yako inaweza kupungua. Kwa kiasi gani, nitakuwa nakudanganya nikisema." Akairudisha miwani puani. "Naweza pia kupunguza kipimo. Tusubiri kwanza mkono upone, halafu tuendelee na kidogo kuliko tulichokuwa tunakupa."

Nje ya chumba mtu alikuwa anasukuma kitanda chenye gurudumu linalolia. Kikapita. Nilitaka kusema kitu, na mama mkubwa bila kunitazama akaweka mkono wake mzima juu ya goti langu.

"Punguza," akasema. "Usiitoe."

"Na vikizidi?"

"Nitasema."

"Utasemaje?"

"Nitasema havisikii."

Daktari akaandika. Toka siku hiyo, kila tulipoingia, swali la kwanza lilikuwa kumfumbisha macho na kumgusa vidole kwa pamba, kimoja kimoja, na mama mkubwa akijibu "nasikia" au "bado", kwa umakini wa mwanafunzi anayesomewa majina darasani. Dripu ziliisha. Ule uvimbe haukurudi, na miaka imepita sasa, na daktari ameacha kusema "kwa sasa" anapotuaga.

Miguu ilirudi kwanza. Tulijua kwa sababu alilalamika sakafu ni ya baridi, na mimi nikacheza juu ya sakafu ile kama mtu aliyeshinda kesi. Mikononi, vidole gumba vilirudi. Vingine vilifika njiani vikaishia hapo. Anashona bado, lakini kwa mwendo mwingine. Pindo nakunja mimi, yeye anakata. Cherehani anakiendesha taratibu, na hatazami nje ya dirisha.

Mwaka jana alikuja kijana mmoja, mgeni mtaani, anauza vitambaa kutoka mlango hadi mlango, amevibeba begani. Akatandaza mezani kitambaa cha buluu, akakisifia mpaka akaishiwa na pumzi. Mama mkubwa alishika pembe ya kitambaa kwa vidole viwili, akaiinua, akaipeleka shavuni. Akafumba macho. Akaiteremsha taratibu hadi kwenye mdomo, akaipitisha hapo, kutoka kona moja hadi nyingine.

Yule kijana akanisogelea. "Dada," akaninong'oneza, "mama analia?"

"Subiri," nikamwambia.

Mama mkubwa akafumbua macho, akakiweka kitambaa mezani, akakisukuma kwake.

"Nailoni imezidi," akasema. "Nionyeshe kingine."